Karai Mbele ya Gitaa

Katika kanisa letu la Kisumu, mtu aliyeokoka hakuja mikono mitupu. Alikuja na kile kitu ambacho dunia ilikuwa imemshika kwacho, akakiweka mezani mbele ya waumini wote, na mchungaji akakichukua na kwenda kukifungia katika kabati la mbao lililokuwa vestri, kile chumba kidogo nyuma ya madhabahu alimovalia kanzu yake. Niliwahi kulichungulia kabati hilo nilipokuwa katika darasa la kipaimara. Mlikuwa na viko vya tumbaku, vifurushi vya dawa za mapenzi vilivyofungwa kwa uzi mweusi, pakiti ya karata isiyotimia, wigi moja lililokuwa limelala kama paka, na jozi ya viatu vya soli nene ambavyo kijana mmoja alikuwa amevitoa akilia, kisha akarudi nyumbani peku. Kwenye rafu ya chini kabisa, likiwa limeegemea ukuta kama mtu aliyepewa adhabu, palikuwa na gitaa.

Mwenye gitaa hilo alikuwa seremala. Kabla ya kuokoka alikuwa amepiga benga, muziki wa gitaa wa Wajaluo, katika kila baa iliyokuwa na paa, kuanzia Katito hadi Bondo, na watu wazima waliomsikia ujanani walimzungumzia kwa sauti ya chini, jinsi mtu anavyoitaja nyumba aliyowahi kuishi kwa raha. Alipookoka alilitoa gitaa lake kama wengine walivyotoa viko vyao, akawa anatengeneza vitanda, meza na majeneza karibu na soko. Lakini vidole havikuwa vimeokoka sawasawa. Ukimwagiza kitanda, aliupigapiga ubao kwanza kwa kucha, akainamisha kichwa na kusikiliza, na mama yangu alisema kwamba kitanda chetu, mtu akigeuka usingizini, kililia kwa sauti ya kwanza.

Haya ninayoyakumbuka yalitokea mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya dini na falsafa, bidhaa ambayo Kisumu haikuwa imeiagiza, na nilipokuwa nikisubiri kazi niliingizwa katika kamati ya vijana ya kanisa. Kamati hiyo ilikuwa na jambo moja moyoni. Mhubiri mgeni kutoka Nairobi, aliyevaa koti bila tai, alikuwa ametuambia kwamba kanisa lisilozungumza na kizazi chake litabaki likizungumza na viti. Tuliviangalia viti vyetu. Vingi kwa kweli vilikuwa vikisikiliza peke yao.

Tulianza na video. Tuliazima televisheni na jenereta, tukaita vijana wa mtaani kuja kuona filamu ya siku za mwisho, nao wakaja wengi kuliko tulivyotarajia, wakakaa hadi kwenye madirisha. Ilipodhihirika kwamba katika filamu ile hakuna mtu ambaye angempiga mwenzake teke la kuruka, walianza kutoka mmoja mmoja, kwa adabu, wakisema "samahani" kwa kila goti walilolipita. Mwishowe tulibaki sisi wanakamati, jenereta, na mwisho wa dunia.

Ilikuwa baada ya video hiyo ndipo mchungaji alipotangaza kwamba siku ya sherehe ya mavuno vitu vyote vya kabatini vingechomwa moto hadharani. Alitoa sababu za kiroho, ambazo zilikuwa nzuri, kisha akaongeza kwamba kabati limejaa na kwaya haina mahali pa kuweka majoho. Nilimtazama seremala. Alikuwa ameketi mwisho wa safu, na mikono yake ilikuwa imeacha kucheza.

Jumamosi iliyofuata alikuja kwenye mkutano wa kamati, akabaki amesimama.

"Nasikia mnatafuta kitu ya kuita watu," alisema.

"Tunatafuta, Mzee," akasema mweka hazina wetu. Huyu alikuwa msichana ambaye wazazi wake walikuwa wametoka Nyeri na kufungua duka mjini. Alikuwa na bidii ya kutisha, na hakuna mkutano aliouacha umalizike bila azimio.

"Mimi niko na hiyo kitu. Lakini iko kwa kabati."

"Si ulimpa Mungu?" nikamuuliza. Nilikuwa bado na tabia ya chuoni ya kumwuliza mtu swali ambalo jibu lake nilifikiri ninalo.

"Nilimpa Mungu, ndiyo," akasema. "Sikupa kabati. Kama Mungu anaitumia, sawa, mimi nanyamaza. Wewe umesikia akiipiga?"

Mweka hazina aliandaa azimio papo hapo, la kulipeleka gitaa Dunga, ufukwe wa wavuvi kando ya mji, na jioni hiyo tulikwenda kwa mchungaji. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, mwenye mgongo ulionyooka kama rula, na katika miaka yote niliyomjua sikuwa nimemwona akiyumba, hata kwaya ilipoimba zile nyimbo ambazo zinamyumbisha hata mgonjwa. Alitusikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo mnataka kwenda Dunga," alisema, "kwa wavuvi na wamama wa samaki, na hii gitaa ya baa, na mnaita hiyo injili."

"Ni kuingia katika utamaduni wao, Mchungaji," nikasema.

"Utamaduni wao naujua kabla wewe hujazaliwa." Akamgeukia seremala. "Sikiza, bwana. Wiki ijayo, Jumapili mchana, chukua. Nitakuja mwenyewe kuona. Kama kuna mtu hata mmoja wa Dunga ataingia kanisa yangu kwa sababu ya hii gitaa, haichomwi. Kama ni kelele tu, inarudi kabati, na siku ya mavuno ndiyo tutawashia nayo moto. Imekauka vizuri."

Seremala aliinama kwa heshima. Tulipotoka nje aliniambia kwamba mchungaji amesema kweli, mbao zake zilikuwa zimekauka vizuri, na kwamba gitaa halipati mbao kama hizo siku hizi.

Tulijiandaa kwa umakini mkubwa. Kwaya ilitungiwa wimbo mpya kuhusu kondoo aliyepotea, wenye beti nyingi, kwa sababu tulitaka kondoo yule apotee kabisa kabla ya kupatikana. Mimi nilipewa jukumu la kutoa neno baada ya wimbo. Niliandika hotuba juu ya Kristo na utamaduni wa kisasa, nikaipiga chapa katika ofisi ya rafiki, kwa Kiswahili ambacho mwalimu wangu angekililia kwa furaha. Mweka hazina alisimamia vyombo vyote. Ndiye aliyetoa wazo kwamba, kwa kuwa watu wa ufukweni ni wakarimu, pawekwe chombo cha sadaka mahali ambapo kila mtu atakiona. Akaazima karai kubwa kwa mama yake, akalisugua likang'aa.

Jumapili hiyo mchana Dunga ilikuwa na watu tele. Mashua zilikuwa zimeshavutwa nchi kavu, omena, dagaa wa ziwani, wameanikwa juu ya nyavu, moshi wa samaki wa kukaanga ukipanda wima kwa sababu upepo wa ziwani ulikuwa haujaanza. Kwaya ilijipanga ikiwa na majoho. Seremala aliketi kwenye kigoda, akaliweka gitaa pajani kwa namna ambayo ilinifanya nitazame pembeni, kama mtu aliyeingia chumbani bila kubisha. Mweka hazina akalichukua karai, akaliweka chini, miguuni pa mpiga gitaa, akarudi nyuma hatua chache kutazama kama limekaa sawa.

Sina budi kueleza hapa kitu ambacho yeye hakukijua, na ambacho sisi wengine, watoto wa mjini tuliokulia mikutano ya injili, tulikuwa tumekisahau. Kwa Wajaluo, chombo kikiwekwa miguuni pa mpiga gitaa kina maana moja. Anayetaka hutia kitu humo, chochote kile, kikawa mali ya mpiga gitaa, na muziki husimama. Kisha aliyetia hupewa kimya chote cha uwanja ili ajisifu: yeye ni nani, katoka wapi, mambo gani makubwa yasiyowezekana ameyafanya. Anaweza pia kumsifu rafiki au kumchokoza shemeji, na akichokozwa mtu, ni lazima ajibu, la sivyo ataondoka amevuliwa nguo. Huitwa pakruok. Ni haki ya msikilizaji, na hakuna aliyewahi kufikiria kwamba wimbo wa kanisa umesamehewa.

Gitaa lilianza. Nimesikia muziki mwingi tangu siku hiyo, mwingine katika kumbi zenye mazulia, lakini sijasikia tena uwanja mzima ukigeuza shingo kwa pamoja namna ile. Wanawake waliacha visu juu ya samaki. Kwaya iliingia, kondoo akatoka zizini, akapita bonde la kwanza. Watu walisogea. Katika ubeti wa pili, mvuvi mmoja kijana mwenye kaptura iliyolowa akapita katikati ya watu, akatia samaki mbichi, ngege, ndani ya karai.

Mkono wa seremala ukasimama. Nadhani ulisimama kabla yeye mwenyewe hajajua, kama mguu wa askari unavyogonga ardhi anaposikia amri. Kwaya iliendelea maneno mawili, ikanyamaza. Kondoo wetu akabaki nyikani.

"An wuod Dunga," akasema kijana, mikono kiunoni. Mimi mwana wa Dunga. "Mimi ndio samaki ananijua kwa kikohozi. Nikikohoa asubuhi, mbuta anaambia watoto wake, leo hakuna kutoka nje, huyo jamaa ameamka. Mimi nikioga, ziwa ndio inatakata. Piga hiyo kitu, Mzee."

Uwanja ukalipuka kwa vicheko na vigelegele, gitaa likaendelea, kwaya ikamrukia kondoo pale pale ilipomwacha. Haikufika mbali. Mwingine akatia samaki, akajisifu kwamba mashua yake haina tanga kwa sababu upepo unamwogopa. Wa tatu akatia kopo la omena, akamsifu shemeji yake kwa kichwa ambacho mvua hukizunguka. Nilimwendea mweka hazina, ambaye alikuwa akilitazama karai kwa macho yanayong'aa.

"Wanatoa sadaka," akaniambia. "Wanatoa kabisa."

"Hiyo si sadaka," nikasema, nikamweleza.

Alifikiri kidogo. Kabla hajapitisha azimio lolote, kijana yule wa kwanza alitia tena samaki na kumnyooshea kidole. "Hii ni ya yule dada wa karai," alisema. "Tangu afike hajasema yeye ni nani. Sister, wewe ni nani?"

Nilidhani atakimbia. Alisogea mbele, akajifuta viganja kwenye sketi.

"Mimi ni mtoto wa Nyeri," alisema, na watu wakaguna kwa hamu. "Mimi ndiye nilikuja hapa nikiogopa samaki kwa sababu iko na kichwa. Kwetu, chakula haikuangalii. Sasa kichwa ndiyo nakula kwanza, na macho nakula nikiiangalia."

Sijui kama kuna mhubiri aliyewahi kushangiliwa Dunga namna alivyoshangiliwa binti yule. Wamama walimwekea leso mabegani. Nami, katika kuzungusha macho kwa furaha, nilimwona mchungaji. Alikuwa amesimama nyuma ya umati karibu na mashua, ameshika baiskeli yake, kola nyeupe shingoni, uso wake hauna habari yoyote. Seremala alikuwa amemwona pia. Vidole vyake havikukosea, lakini aliacha kutabasamu, akapiga kama mtu anayejua kwamba huenda ni mara ya mwisho na ambaye ameamua basi kupiga vizuri.

Hapo ndipo muuza samaki mmoja, mama mnene mwenye sauti iliyozoea kushindana na injini, alipojitokeza na mbuta mzima. Hakuutia tu ndani ya karai mzigo ule. Aliuacha uanguke, karai likalia kama kengele.

"An nyar Katito," alisema. Mimi binti wa Katito. "Mimi ndio samaki wangu haiozi, jua inaiogopa. Mimi niliimba kwa hiyo kwaya yenu, nyinyi mkiwa bado mnabebwa mgongoni. Ulizeni kwa nini nilitoka."

"Kwa nini, Mama?" umati ukauliza.

"Mabega. Kanisa ilisema sauti yangu ni ya Mungu lakini mabega inatingika sana. Mabega ikafukuzwa kwaya. Mimi nikabaki siku kidogo bila mabega, nikaona hapana, hii ni yangu, wacha niifuate." Akasubiri kicheko kipite, kisha akageuka taratibu, akainua mkono na kuelekeza kule kwenye mashua. "Na aliyenifukuzia mabega ni yule pale na baiskeli. Mchungaji, watu wa Dunga wanataka kujua wewe ni nani."

Kimya kilichofuata kilikuwa cha aina ambayo hata kunguru wanaiheshimu. Seremala aliinua kiganja juu ya nyuzi, akakiacha hapo. Kwa mujibu wa mila hakuwa na ruhusa ya kupiga hadi aliyechokozwa ajibu, na kwa kuwa hakuna mtu wa Dunga ambaye angemfuata kanisani mchungaji aliyeshindwa kujibu, jibu hilo ndilo lingeamua kama gitaa litalala nje au motoni. Nilishika hotuba yangu kifuani. Nilifikiria kwa sekunde kadhaa kwenda mbele na kuisoma, ili kumwokoa yeyote aliyehitaji kuokolewa. Namshukuru Mungu kwa kuninyima ujasiri.

Mchungaji aliilaza baiskeli juu ya mashua. Alitembea hadi mbele, umati ukimpisha, akasimama karibu na karai. Lakini hakusema. Aliingiza mkono katika mfuko wa koti, akatoa leso, akairudisha. Akatoa miwani, akairudisha. Nilidhani amechanganyikiwa, hadi niliposikia mzee mmoja wa ufukweni akimnong'onezea jirani yake kwa furaha, "Anatafuta ya kutia. Huyu anajua." Kwa hakika mchungaji wetu alikuwa akikataa kusema bila kulipa. Mwishowe alitoa ufunguo, ule mkubwa wa chuma wa kabati la vestri, ambao haukutoka mfukoni mwake mchana wala usiku, akautia ndani ya karai, juu ya mbuta.

"Mimi ni mwana wa Nyakach," alisema kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia mimbarini, nyepesi, yenye kidevu juu. "Mimi nilicheza mpaka viatu vikaomba ruhusa kwenda nyumbani. Mimi nikiingia kwa arusi, bibi arusi anauliza kama amechelewa kunijua. Yesu alinikuta nimesimama katikati ya duara, akasema, huyu nikimwacha hapa, mazishi yote ya Nyakach itageuka sherehe." Aliwaacha wacheke. Kisha akamtazama yule mama, na sauti ikashuka. "Binti wa Katito, mabega yako haikuwa na makosa. Kila ukisimama kuimba, yangu ilikuwa inaitika. Mtu hawezi kufukuza mabega yake mwenyewe, kwa hivyo nikafukuza yako."

Akamgeukia seremala, akamwambia kwa Kijaluo ampigie. Gitaa likaanguka ndani ya kimya kile kama mvua juu ya mabati. Mchungaji hakucheza. Alisimama wima kama rula, jinsi tulivyomzoea, isipokuwa kwamba bega lake la kushoto, kwa muda mfupi sana, lilisema neno na la kulia likajibu. Mama yule akapiga kigelegele ambacho nadhani kilifika Uganda.

Kondoo alipatikana jua likiwa linashuka. Hotuba yangu haikuitwa. Nilimpa karatasi zake mama mmoja aliyekuwa akitafuta kitu cha kufungia omena, na nilimwona mteja wake akiondoka na Kristo na utamaduni wa kisasa chini ya kwapa, harufu nzuri ikimfuata.

Jumapili iliyofuata binti wa Katito aliingia kanisani akiwa amefuatana na wenzake wa Dunga, wakajaza safu mbili ambazo viti vyake vilikuwa vimesikiliza mahubiri mengi bila kuokoka. Wapo waliokuja kwa ajili ya Mungu na wapo waliokuja kumwona mchungaji; sikuwahi kuona njia ya kuwatenganisha, na sasa, nikiwa na umri wa kutosha kujijua, sina hakika mimi mwenyewe nilikuwa upande gani. Ushuhuda ulirefuka. Watu walisimama kueleza jinsi walivyookolewa kwa maneno ambayo yalimsifu Mwokozi kwa sauti na mwokolewa kwa pembeni, na wazee wa kanisa wakalazimika kuweka ibada ya pili ili wanaotaka chakula cha mchana waende nyumbani.

Siku ya mavuno moto uliwashwa. Viko vilichomwa, na vifurushi, na karata, na wigi, ambalo lilitoa harufu iliyowapeleka watoto mbio. Viatu vya soli nene havikuonekana, na kijana aliyevitoa, sasa baba wa watoto, alikuwa akiyatazama mawingu. Gitaa lilipigwa wakati wote moto ukiwaka, upande wa pili wa uwanja, mbali na cheche.

Lakini ufunguo haukurudi kwa mchungaji. Asubuhi baada ya Dunga alikwenda kwa seremala kuuomba, akamkuta akipiga randa jeneza.

"Mchungaji," seremala alimjibu bila kuacha randa, "kitu ya karai hairudi. Wewe unajua."

"Kanzu yangu iko ndani ya hiyo kabati, bwana."

"Basi nitakuja kukufungulia."

Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka yote niliyobaki Kisumu. Kila Jumapili, kabla ya kengele ya kwanza, mchungaji alisimama mlangoni mwa vestri akiwa na shati tu, akimsubiri seremala aje na gitaa mgongoni na ufunguo shingoni. Nilipita hapo mara nyingi nikibeba vitabu vya nyimbo. Seremala aliuingiza ufunguo katika kitasa, akaushika bila kuuzungusha, akamtazama mchungaji.

"Nani huyu anataka kufunguliwa?" aliuliza.

Na mchungaji, baada ya kuangalia kushoto na kulia kama kuna mzee wa kanisa karibu, alimwambia.